Kushuka Ndiyo Ukimbie

"Tena! Na safari hii nisikusikie unahema kama mgonjwa."

Kijana aliuweka sawa mfuko wa mchanga mgongoni, akaanza kupanda ngazi za jengo lao la ghorofa sita, polepole, kama alivyoamriwa. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa mama yake, na mama hakutaka mjadala: kupanda taratibu, kushuka mbio. Mara kumi na tano kila alasiri, na sasa ilikuwa wiki ya tisa.

Wenzake waliojiandikisha naye kwenda mafunzo ya jeshi walikuwa uwanjani wakikimbia, wakitaniana, wakipokezana chupa ya maji. Yeye alifungwa kwenye ngazi za saruji, na askari jela wake ni mzazi wake mwenyewe.

"Mama, wenzangu wanakimbia tambarare," alisema aliposhuka, jasho likimchuruzika mpaka viatuni. "Kwa nini mimi nishuke mbio na mzigo?"

"Kupanda hata mbuzi anapanda. Wewe si unataka jeshi?"

"Magoti yanauma."

"Kaka yako hakulalamika magoti."

Hapo alimchoma pabaya. Kaka, kaka, kaka! Picha yake ilitundikwa sebuleni, kofia ya jeshi imekaa upande, na tangu aliporudishwa ndani ya jeneza mwaka juzi, hakuna alichofanya mdogo wake kikafua dafu mbele ya picha ile. Ndiyo maana alijiandikisha, ili naye siku moja mama amwangalie kwa jicho aliloitazamia picha ile. Mama alipogundua alifoka siku tatu mfululizo, hata sufuria ikaruka. Siku ya nne aliamka mtulivu, akasema, "Haya. Kama ni jeshi, nitakuandaa mwenyewe."

Na nani angembishia? Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kuwafundisha waliovunjika miguu kutembea upya. Kijana akameza hasira zake, akafunga kitambaa gotini, akaubeba mfuko.

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini hakumeza kitu. "Wee mama, huyo ni mwanao au punda? Huoni anavyochechemea?"

"Shona suruali za watu, baba. Huyu mwachie aliyemzaa."

Wiki ya kumi goti la kushoto lilivimba. Mama alilibonyeza kwa vidole viwili, kwa muda mrefu, kisha akatazama pembeni.

"Bado," alisema. "Wiki moja zaidi."

Kijana alitamani kumrushia ule mfuko. Mama gani huyu, asiye na hata chembe ya huruma? Aliapa moyoni kwamba atafuzu, hata kama ni kwa ajili tu ya kwenda kuishi mbali na mwanamke yule.

Siku ya kupimwa afya mama alimsindikiza, akakaa nje kwenye benchi. Daktari wa jeshi, mtu mzima mwenye miwani, aliyakunja magoti ya kijana, akayakunjua, akasikiliza yanavyosaga. Alimwambia achuchumae. Kijana alichuchumaa, akashindwa kuinuka mpaka aliposhikwa mkono. Alipoulizwa alichokuwa akifanya, akaeleza yote: ngazi, mfuko wa mchanga, wiki kumi na moja.

"Nani kakufanyisha mazoezi haya?" daktari aliuliza. Kijana akaelekeza kidole mlangoni, machozi ya hasira yakimlenga.

Daktari alitoka mbiombio, kijana akimfuata kwa kuchechemea. Kumwona mama tu, akasimama ghafla. Waliwahi kufanya kazi wodi moja.

"Dada, ni wewe?" alifoka. "Mtu wa taaluma yako unamshushaje mtoto ngazi na mzigo wiki kumi na moja? Si wewe uliyekuwa ukigombana na wagonjwa kwa jambo hilohilo? Hafai huyu! Si leo, wala mwakani."

"Kutembea atatembea?"

"Akipumzika atatembea, na kazi atafanya. Lakini jeshi asahau kabisa."

Kijana alifumba macho, akisubiri kutukanwa mbele za watu. Hakusikia tusi. Alisikia mama yake akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi niandikie hayo kwenye karatasi," mama alisema, "na mhuri upige."