Masikio ya Fundi

Pikipiki ilizima tena mbele ya karakana, wiki ya tano mfululizo. Karani mstaafu akashuka na kuisukuma hatua zilizobaki.

"Bado tu?" Fundi aliuliza, huku akifuta mikono.

"Ikitembea haina neno. Nikisimama, inazima."

Fundi akachuchumaa. Pikipiki ile ilikuwa na umri wa kuwa na wajukuu, lakini kabureta yake aliijua kama mfuko wa shati lake. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto. Akakaza skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli mpaka mngurumo ukaanza kukwama, kisha akailegeza polepole, macho kayafumba, hadi sauti ilipopanda na kutulia. Hakutumia kipimo. Kwa miaka thelathini na minane alitumia masikio.

Karani alikwisha kaa kwenye kreti, anamimina chai kutoka chupa aliyokuja nayo. Vikombe viwili.

"Leo nawe huna haraka, ndugu yangu?" Fundi alimuuliza.

"Niwahi wapi? Nyumbani kinachoongea ni saa ya ukutani, na haijawahi kubadilisha mada."

Wakacheka. Wakaongea habari za magoti, na za mke wa Fundi anayekoroma kuliko lori. Injini ikanguruma bila kutetereka mpaka chai ikaisha.

Fundi akaizima. Hakucheka tena.

"Sikiliza. Kazi yangu haijapata kurudi mara mbili. Hii imerudi mara tano. Mbovu si pikipiki, ni mimi. Masikio yamekwisha. Ikirudi tena na ugonjwa huu, nafunga karakana."

"Acha mzaha, Fundi."

"Ningekuwa na mzaha ningekuwa nacheka."

Karani akakusanya vikombe, akaaga, akaondoka. Kwenye makutano alisimama kupisha lori. Injini haikuzima.

Nyuma ya ukuta wa ghala, pale pale anaposimama kila wiki, akashuka na kutoa bisibisi ndogo ndani ya soksi. Akaiweka kwenye skrubu ya kabureta, akaishikilia hapo muda mrefu bila kuizungusha.

Kisha akaiondoa, akazunguka nyuma, akafungua kioo cha taa na kuchomoa waya.