Njia Iliyokwepa Nyumba ya Anastasia

Yule mwenye baiskeli nyekundu alishuka tena palepale, kwenye jabali, hatua hamsini kabla ya nyumba ya Anastasia. Akaibeba baiskeli begani, akaingia kwenye miiba, akazunguka nyuma ya jiko na kutokea upande wa pili. Muda wote uso kaugeuzia msituni. Miezi mitatu sasa, kila Jumapili ni hivyo hivyo.

"Haya, pita huko uchanike!" Anastasia alimpigia kelele.

Njia halali ilipita mlangoni kwake. Ilianzia juu msituni, ikateremka katikati ya mawe hadi Unyambwa, na zamani ilikuwa ya wakata kuni tu. Kisha bidhaa za nje zikaruhusiwa, duka la Ramesh kule mjini likajaa baiskeli za gia zenye matairi manene ya meno meno, na vijana wa Mandewa wakapata wazimu mpya. Kila Jumapili walizisukuma kupanda msituni, halafu wakateremka nazo mbio, mayowe juu, nani wa kwanza kufika bondeni.

Walipofika kwa Anastasia walifunga breki. "Shikamoo bibi!" Walikunywa togwa yake ya uwele, wakaonyeshana magoti yaliyochubuka, naye akawatukana kwa mapenzi. Wiki nzima aliishi kwa kuingoja siku hiyo, maana hakuwa na mtu mwingine.

Mumewe, Urbano, alikwishakufa. Binti yao wa pekee, Dorkas, aliondoka miaka sita nyuma, baada ya ugomvi. "Ukivuka kizingiti hiki, usirudi nikiwa hai," Anastasia alimwambia kwa hasira, na mtoto akavuka. Hakuna barua, hakuna salamu. Mama wa watu hakujua kama anamlilia aliye hai au aliyekufa, na hilo ndilo lililokuwa likimla.

Kwa hiyo alijiliwaza kwa kuwasimulia vijana vituko vya Urbano. Urbano kakimbizwa na nyuki hadi kanisani. Urbano kauza jogoo, jogoo karudi nyumbani kabla yake. Urbano, bwana harusi mpya, ambaye kwa mila hapaswi kuonana uso kwa uso na mama mkwe, kamwona anatokeza ghafla, kaangusha kibuyu cha maziwa, kachuchumaa kuelekea ua, shati kalivuta kichwani! "Alikaa hivyo mpaka kuku wakamzoea," Anastasia angesema, na vijana wangegaragara kwa kicheko.

Ndipo akaja huyu wa baiskeli nyekundu na kukwepa kwake.

"Kwa nini yule hapiti kwa bibi?" vijana walianza kuulizana.

"Lazima kuna kitu anakijua."

Jumapili moja wawili wakamfuata kwenye miiba. Jumapili iliyofuata wakawa watano. Mwisho wakawa wote, hata wakata kuni. Ile njia ya nyuma ya jiko ikapanuka na kung'aa kwa alama za matairi, na mlangoni kwa Anastasia majani yakaota. Togwa ilichacha kibuyuni, akaimwaga mwenyewe. Jamani, upweke una kelele! Alifika mahali pa kuwasalimia kuku, na kuwakaripia wasipoitikia.

Siku moja jirani yake, Ziada, alisimama mbali kidogo, kwenye ua wa minyaa.

"Mama Dorkas, nisikilize. Watu wanasema wewe ni mchawi. Wanasema hata macho yako mekundu."

"Mekundu kwa moshi, Ziada! Yako je, ya kijani?"

"Mimi sisemi, wanasema wao. Nenda kwa ndugu zako Ihanja kabla hawajaja na mapanga."

Anastasia alilia siku hiyo, wala hakujificha. Angeondoka vipi? Dorkas akirudi, si angekuta nyumba tupu? Na aliyeyaanzisha yote haya ni mmoja tu, yule wa baiskeli nyekundu. Tena alikuwa na jambo jingine la kutisha: kila alipofika nyuma ya jiko alisimama kidogo, akautazama moshi uliokuwa ukitoka paani, kisha akaenda zake. Moshi wa watu unamhusu nini?

Jumapili iliyofuata Anastasia hakuwasha moto. Alichukua mchi wa kutwangia, akajibanza pembeni ya jiko tangu asubuhi. Leo atanitazama usoni, alijiapiza. Aniambie mimi ni mchawi kwa kinywa chake.

Jua lilipopanda, akamsikia. Matawi yalivunjika, baiskeli ikawekwa chini. Kijana aliinua macho paani. Akatazama tena. Akapiga hatua moja kuelekea nyumbani, mbili, halafu akaanza kukimbia, moja kwa moja, kwenye mlango wa jiko.

Ndiyo wameshakuja kuniua, Anastasia aliwaza. Akachomoka, mchi juu.

"Ebo! Unataka nini kwangu? Mimi mchawi, siyo? Nitazame basi!"

Kijana alipomwona alishtuka vibaya mno. Hakukimbia. Alijitupa pembeni, akachuchumaa kuelekea ukuta, na kwa mikono miwili akalivuta shati lake juu mpaka likamfunika kichwa. Akatulia hivyo, mgongo wazi, mikwaruzo ya miiba tele. Kuku mmoja akamsogelea, akamdonoa kisigino. Hakujitikisa.

Mchi ulibaki hewani. Kisha ukashuka polepole, ukaanguka.

Anastasia naye aligeuka upesi, akampa mgongo, akajifunika uso kwa khanga.

"Dorkas ni mzima?" aliuliza.

Nyuma yake sauti ikatoka ndani ya shati.

"Mzima, mama. Kila Jumapili ananituma niangalie kama moshi unatoka."