Siri Aliyopewa Redio

Redio aliizima simu yake mwenyewe, akamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili. Wanaomjua wangedhani anaumwa. Huyu ni msichana aliyempigia mama yake kila jioni tangu watue nchi ya watu, akimsimulia mpaka rangi ya sabuni ya bafuni.

"Nimekuita wewe kwa sababu unalala chumba kimoja na Twiga," mwalimu alisema. Walikuwa kwenye kona ya karakana, nyuma ya rafu ya meno ya bandia. Hayo ndiyo waliyokuja kujifunza, kundi zima la chuo: kuchonga meno kwa mashine mpya. "Mama yake Twiga amefariki. Jana, ghafla tu. Ndugu zake wanaomba asiambiwe mpaka afike."

Redio akaziba mdomo. "Mungu wangu! Mama Twiga, jirani yetu?"

"Ndiyo maana nimeitaka simu yako; ya Twiga ninayo tayari. Ukipiga kwenu utasikia vilio, na wewe sura yako haifichi kitu."

Kweli haifichi. Jina la Redio hakulipata bure: umwambie jambo asubuhi, mchana mpishi wa chuo ameshalijua. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumpa siri, na leo amepewa nzito kuliko zote. Machozi yalimlenga, lakini papo hapo alijisikia mtu mzima kidogo, akajionea aibu.

"Tutawahi mazishi?"

"Hapana. Wanazika leo. Ndege niliyopata ni ya kesho."

"Basi mwambieni! Mtu anazikiwa mama yake, yeye huku anasugua meno? Ningekuwa mimi, ningetaka kuambiwa."

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Kila mtu husema hivyo," akajibu. "Nimeombwa na wenye msiba, binti yangu. Nitafanya nini?"

Baada ya chai mwalimu alitangaza kwamba mashine imeharibika, safari imekatishwa, kesho wanarudi nyumbani. Kundi lililokuwa likilalamika hata supu ikipoa halikuuliza swali hata moja. Redio akaelewa kuwa wote wanajua, isipokuwa maskini Twiga.

Twiga alikuwa amekaa karibu naye mezani, msichana mrefu mwenye mikono myepesi kuliko wote darasani. Siku hiyo nta ya moto ilimmwagikia vidoleni na hata hakushtuka.

"Mkono umeingiwa na nini leo, dada?" Redio alimuuliza.

"Sijalala vizuri tu."

Damu imeshamwambia, Redio aliwaza. Na wenzao nao hawakusaidia, wanainua macho kuitazama meza yao kisha wanayashusha haraka, kama watoto waliovunja sahani. Alitamani kuwazaba vibao. Watamshtua hawa!

Akaona heri amchekeshe. Akachukua seti ya meno ya juu, akayashikilia mbele ya midomo, akaiga sauti ya mwalimu: "Vijana, jino halichongwi kwa hasira!" Jana tu wangeanguka chini kwa kicheko. Leo karakana yote ilinyamaza. Twiga alisimama, akatoka nje, na kupitia kioo Redio aliona mabega yake yakitikisika.

Asubuhi alimkuta amejifungia bafuni. Maji yalikuwa yakimwagika, na chini ya mlio wa maji kulikuwa na sauti ndogo ya mtu anayebembeleza. Anasali, Redio aliwaza, akarudi kitandani kwa kunyata.

Twiga alipotoka ndiye aliyefunga mizigo yote miwili. Alikunja nguo za Redio moja moja, akafika kwenye viatu vya ngozi laini, zawadi ambayo Redio alimnunulia mama yake, maana miguu humvimba. Akavishika muda mrefu.

"Vitamtosha?" Redio aliuliza, ili kusema neno lolote.

"Ni vizuri sana," Twiga alisema, akavifunika kwa gauni.

Redio alijilaumu. Mjinga mimi, namwonyesha yatima zawadi ya mama! Hapo hapo akaamua moyoni kwamba wakishafika atamwambia mama yake amchukue Twiga kama mtoto wa kumzaa. Mama hatakataa, ana moyo wa kupokea watu. Lakini alijua pia kuwa hilo halitamrudishia mwenzake kitu. Kaburi limeshafukiwa, na mtoto hakuwepo.

Ndani ya ndege Twiga alimwachia kiti cha dirishani. Mara mbili alifungua mdomo kama anayetaka kusema, mara mbili akaufunga.

"Kula," hatimaye alisema, akimsogezea mkate wake. "Kula, Redio, tafadhali. Utahitaji nguvu."

"Wewe ndiye ule," Redio alijibu, na ilibidi ageukie mawingu asije akalia.

Walipotua, alimshika Twiga mkono asimwachie. Amesafiri na siri ile siku nzima bila kuimwaga, na sasa zimebaki hatua chache amkabidhi kwa watu wake, wamwambie, ulimwengu wake ubomoke. Milango ya kioo ikafunguka. Nyuma ya kizuizi watu walikuwa wamejipanga wakipunga mikono. Redio akawatafuta wajomba zake Twiga kwa macho.

Akaganda.

Mama yake Twiga alikuwa amesimama mbele kabisa, mzima wa afya.

"Twiga! Twiga, tazama!" Redio alipiga kelele, akirukaruka, furaha ikimpasua kifua. "Mama yako yule pale! Wametudanganya, mama yako yuko hai!"

Twiga hakuinua kichwa. Mama yake alipenya kizuizi akija mbio, mikono ameitanua, akampita binti yake bila hata kumtazama, akamkumbatia Redio.