Rangi ya Malkia

"Mvue gauni hilo," alisema mwanamke mlangoni, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya kigeni. "Huyo hawezi kuwa malkia."

Laurentine hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti katika ukumbi wa shule, hapa Whitehall, ughaibuni, pini mdomoni, akikunja pindo la gauni la dhahabu alilolishona kila alipotoka zamu ghalani. Kesho darasa la nne lingeigiza Misri ya kale. Msichana aliyesimama juu ya kiti, mweusi kama Laurentine mwenyewe, ndiye aliyechaguliwa kuwa malkia. Mwalimu alikuwa ametoka kupokea simu.

"Simama muzuri, mutoto wangu," Laurentine alimwambia.

Mtoto alitabasamu tu. Laurentine hakushangaa. Ndivyo walivyo watoto wa Kikongo wa hapa. Hata wa kwake, ukiwasemesha Kiswahili watakujibu Kiingereza, au wasikujibu kabisa.

Yule mwanamke akaingia. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kama maziwa, nywele zimenyooshwa, miwani ya jua kichwani.

"Hukunisikia? Mimi ni Mmisri. Najua malkia wetu walivyokuwa."

Laurentine akatema pini. "Uliwaona wapi? Ninyi Waarabu mlikuja na ngamia, mkakuta piramidi zimeshajengwa. Na waliozijenga walikuwa weusi."

"Sisi hatukuja kutoka popote. Mimi ni Mkopti, Mkristo. Babu zangu ndio waliochonga mawe yale. Weusi unaowaona kwenye picha za kuta za makaburi ya kale wamefungwa kamba."

"Na wale walioketi kwenye viti vya enzi? Hao huwaoni? Macho yako yanachagua, dada!"

Mtoto aliinamisha kichwa.

"Mpeni yule msichana mwingine wa nywele za kahawia," mwanamke alisema. "Huyu akaimbe nyuma."

"Huyu amekariri maneno yote. Yule wako wa nywele hajui hata pa kusimama!"

"Watamcheka." Sauti ya mwanamke ilipanda. "Ndugu zangu wote watakuwa hapa kesho. Wewe hujui kule Kairo watu wa rangi hii wanaitwaje."

"Bon, sawa! Waje wacheke, nami nitakuwepo. Tuone nani atacheka wa mwisho."

"Nimesema mvue!"

Akanyoosha mkono kulishika gauni. Laurentine akaupiga ule mkono, akasimama kwa urefu wake wote kati yake na kiti.

"Usimguse! Mtu mzima mwenye akili, unamtukana mtoto mbele ya macho yake? Mama yake angekuwa hapa, angekung'oa ulimi!"

Wekundu ulimpanda yule mwanamke kutoka shingoni mpaka masikioni. Machozi yakamlenga. Laurentine alimtazama bila huruma hata chembe. Amelipata alilolitafuta, alijisemea. Kesho malkia atakuwa wetu.

Nyuma yake kiti kilikwaruza sakafu. Mtoto alikuwa ameteremka, gauni limeanguka miguuni pake. Alilivuka polepole, akampita Laurentine, akaushika mkono wa yule mwanamke. Sasa Laurentine aliona: macho yao yalifanana.

"Sitaki tena kuwa malkia, mama," alisema. "Twende nyumbani."