Kidole cha Ubalozi

Kila mbunge aliyeafiki serikali kufungua uhusiano na nchi mpya alikatwa kidole palepale ukumbini, ili asiafiki kwa mazoea. Vyake vikiisha, walikata vya mwenza wake. Mheshimiwa Lwitiko alishamaliza vyote kumi.

"Leo nyamaza, baba Atu," mkewe Sekela alimsihi akimlisha uji.

"Nimekoma, mama Atu."

Saa nne Sekela alikuwa anakanda unga wa chapati mbele ya runinga iliyoonyesha bunge. Waziri alipotaja nchi mpya, wabunge wakaanza kupiga meza, na kupiga meza ni kuafiki. Lwitiko naye, uso umemchanua, alibamiza viganja vyake hadi kidonda cha jana kikatapika damu.

Hata jiko hajawasha, sauti ya upole ikaita mlangoni. "Hodi, mama. Tumetoka bungeni."

Sekela alinawa unga, akavua pete.