Nafasi Kando ya Mama

Bango la mazishi lilipofunguliwa pale nyumbani Shinyalu, Ayuma aliona kwanza jinsi lilivyopangwa vizuri. Mama yuko katikati, jina lake kwa herufi nene, na zambarau haipigani na nyeupe. Ilikuwa kazi ya mdogo wake wa kiume. Ayuma ndiye aliyemfundisha, katika duka lao la mabango mjini Kakamega, jicho lianzie wapi na lipumzike wapi.

Kisha akaiona nafasi tupu kando ya mama.

Picha ile walipigwa Krismasi, wakiwa watatu: mama ameketi, wanawe wawili wamesimama nyuma yake. Sasa aliyesimama ni mmoja. Ila begani mwa mama, juu ya leso, vidole vya Ayuma vilikuwa vimebaki, pamoja na pete yake.



"Umenitoa," alimwambia mdogo wake kwa sauti ya chini.

"Dada, picha ilikuwa imejaa. Si wewe husemanga tuache nafasi, kazi ipumue?"

"Nafasi ya nani?"

Mdogo wake akageuza uso. Alikuwa akiwatazama wazee wa ukoo, ambao baada ya maziko wangeamua shamba la chai libaki mikononi mwa nani.

Emsii akainua kipaza sauti. "Sasa mwenye boma atusalimie."

Mdogo wake akafunga kifungo cha koti, akalainisha tai. Alipoinua macho, Ayuma alikuwa ameshafika mbele ya watu.

"Mimi ndiye kifungua mimba wa mama," alisema.