Sukari Imepanda

Shomvi alikuwa ameshalifunga gita mkobani. Bendi yao ilipiga pop-roki tu, harusi baada ya harusi, na roho yake ilikuwa kwenye muziki wa bluzi.

"Basi niambie tofauti kabla hujatuacha," alisema Riziki, mwimbaji wao.

"Pop-roki ina kiitikio cha kuwainua watu vitini. Kwenye bluzi mtu analalamika mara mbili, halafu anajijibu mwenyewe."

"Na hapa mjini nani analalamika hivyo?"

Mama Sijali, muuza chai, akausukuma mlango wa chumba chao cha mazoezi kwa kiwiko na kuingia na birika.

"Sukari imepanda," alisema. Hakuna aliyemjali. "Nasema hivi, sukari imepanda! Na nyinyi chai mnaitaka tamu."

Shomvi alimtazama Riziki. Kisha akafungua zipu, akatoa gita.

"Mama, hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Hiyo sukari."

Akarudia huku akimimina, na gita likamjibu kila mstari. Aliporudia tena, alikuwa amefumba macho. Riziki akadakia kwa ile sauti yake ya harusini, na birika likabaki limeinama, chai ikitiririka kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.